Mtoto Anayecheza Ni Mtoto Anayekua

Walengwa: Akina mama, akina nyanya, mayaya na walezi wote wa watoto wenye umri wa chini ya miaka minane

Lengo: Msikilizaji aweze kutaja aina za michezo, aeleze faida zake kwa afya ya mtoto, na atenge nafasi ya mchezo nyumbani kwake hata wakati wa kazi nyingi

   

Leo tutazungumza juu ya michezo na burudani. Huenda mama mmoja akasema, "Mchezo una uhusiano gani na afya? Mimi nilidhani mtatuambia habari za chanjo na lishe." Ni kweli, mama, chanjo na lishe ni lazima. Lakini kuna hitaji lingine la mtoto ambalo haliuzwi dukani na halidungwi kwa sindano. Hitaji hilo ni kucheza.

Hebu tuchukue mfano. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Anakamua ng'ombe, anapika chai, anawatayarisha watoto wa shule. Saa moja yuko kwenye chai na kikapu mgongoni, kwa sababu gari likifika kituoni kuchukua majani halimngojei mtu. Mtoto wake wa miezi minane ameachwa nyumbani na dada yake wa miaka tisa, maana ni wakati wa likizo. Msichana ana vyombo vya kuosha na maji ya kuteka, kwa hivyo anamlaza mtoto kitandani na kufunga mlango. Mama anaporudi adhuhuri anamkuta mtoto amelala kimya, anatazama paa. Majirani wanamsifu: "Mtoto wako ni mzuri kweli, hasumbui mtu."

Akina mama, mtoto kimya si lazima awe mtoto mwenye afya. Labda ameshiba na ametosheka. Lakini labda ana njaa, labda ana homa, labda amezoea kwamba hata akiita hakuna anayeitika. Mtoto mzima hutafuta kucheza. Akiacha kucheza, anatuambia kitu.

MCHEZO NI NINI, NA BURUDANI NI NINI?

Mchezo ni jambo ambalo mtoto analifanya kwa hiari yake kwa sababu linampendeza. Hakuna aliyemtuma. Ukimtuma kuleta kuni, hiyo ni kazi. Lakini akigeuza kijiti cha kuni kuwa ng'ombe na kumswaga hadi nyumbani, huo ni mchezo.

Burudani ni neno pana zaidi. Ni kila jambo tunalolifanya baada ya kazi ili mwili na moyo vipate nguvu mpya. Kuimba kwaya, kucheza netiboli, kusimulia hadithi, kutembeleana, kukaa na wenzako wa chama mkicheka, yote hayo ni burudani. Mtoto anahitaji mchezo, na mama naye anahitaji burudani. Tutarudi kwa mama baadaye.

WATAALAMU WANASEMAJE?

Watu wenye elimu wamejiuliza kwa miaka mingi kwa nini watoto hucheza. Nitawatajia majibu machache tu, na ninyi mtaona kwamba mengi mnayajua tayari.

Herbert Spencer wa Uingereza, katika karne ya 19, alisema mtoto hucheza kwa sababu ana nguvu zilizobaki. Ndama aliyeshiba maziwa huruka-ruka malishoni. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Moritz Lazarus wa Ujerumani aliona kinyume chake, kwamba tunacheza ili kurudisha nguvu baada ya kuchoka. Karl Groos, pia wa Ujerumani, aliandika mwishoni mwa karne hiyo kwamba mchezo ni mazoezi ya maisha. Msichana anayembeba mwanasesere wa gunzi mgongoni anajifunza kulea, na mvulana anayejenga boma la vijiti anajifunza kujenga.

Katika karne ya 20, Jean Piaget wa Uswisi alieleza kwamba mtoto anajenga akili yake kwa kushika, kurusha, kuonja na kujaribu tena na tena. Lev Vygotsky wa Urusi akaongeza kwamba mtoto hupanda ngazi anapocheza na mtu anayejua zaidi yake kidogo, kama mama, nyanya, au ndugu mkubwa.

Nani kati yao alikuwa sahihi? Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. La muhimu kwetu ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesema mchezo ni kupoteza wakati.

WAZEE WETU WALIJUA

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu pekee. Katika miaka ya 1970, watafiti wawili kutoka Marekani, Charles Super na Sara Harkness, waliishi katika jamii ya Wakipsigis waliyoiita Kokwet katika maandishi yao. Waliona kwamba watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa muda wa kama mwezi mmoja hivi.

Kwa nini? Si kwa sababu ya damu. Ni kwa sababu mama na nyanya waliwafundisha. Mtoto wa miezi mitano au sita alikalishwa katika kishimo kidogo ardhini kilichomshikilia mgongo, au akazungushiwa nguo. Baadaye alishikwa makwapani akachezeshwa, akarushwa-rushwa miguu ikigusa chini, huku akiimbiwa. Lakini katika mambo ambayo hayakufanyiwa mazoezi, kama vile kutambaa, watoto hao hawakuwatangulia wenzao. Mnaona, wasikilizaji? Mtoto hukua pale anapochezeshwa.

AINA ZA MICHEZO KULINGANA NA UMRI

Kuanzia kuzaliwa hadi mwaka mmoja, mchezo wa kwanza wa mtoto ni uso wa mama. Unaponyonyesha, mwangalie machoni, ongea naye, tabasamu. Akitoa sauti, mjibu. Akiwa macho na wewe uko karibu, mlaze kifudifudi juu ya leso safi ili aimarishe shingo na mikono. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye bado hajaanza kujisogeza apate angalau dakika 30 za namna hii kwa siku, zikigawanywa mara kadhaa. Baadaye mpe kikombe cha plastiki, kijiko cha mti, kifuniko cha sufuria. Jifiche uso kwa leso kisha ujitokeze. Mtoto atacheka, na huku anajifunza kwamba kitu kisichoonekana bado kipo.

Kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu, mtoto hupenda kujaza na kumwaga, kusukuma, kupanda na kubomoa. Mpe mkebe na mawe makubwa asiyoweza kumeza. Katika umri huu watoto wawili hukaa pamoja lakini kila mmoja anacheza mchezo wake. Usimlaumu kwamba ni mchoyo. Mildred Parten wa Marekani aliandika mwaka 1932 kwamba watoto hupitia hatua: kwanza hucheza peke yao, kisha kando ya wenzao, na mwishowe pamoja nao.

Kuanzia miaka mitatu hadi sita ndio wakati wa kalongolongo. Mmoja ni baba, mwingine ni mama, mwingine ni daktari, na majani ya mti ndiyo sukuma wiki. Sikiliza mazungumzo yao, mama. Utasikia sauti yako mwenyewe, jinsi unavyobembeleza na jinsi unavyofoka.

Kuanzia miaka sita kwenda juu, huja michezo yenye sheria: bano, kati, bladi, kuruka kamba, kujificha, na kandanda. Hapa mtoto anajifunza kungoja zamu yake, kushinda bila majivuno na kushindwa bila vita.

Aina hizi zote mtoto anazihitaji: michezo ya mwili kama kukimbia, michezo ya mikono kama kufinyanga udongo, michezo ya kuigiza, michezo ya maneno kama vitendawili na hadithi, na michezo ya sheria. Televisheni na simu si badala yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

FAIDA ZA MCHEZO

Faida ya kwanza ni ya mwili. Mifupa na misuli huimarika, mtoto hula vizuri na hulala vizuri. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kujishughulisha na mwili kwa jumla ya dakika 180 kila siku. Mtoto aliyeachwa ajikimbilie uani anazifikisha bila shida.

Faida ya pili ni ya akili na lugha. Hapa nitawapa mfano wa Jamaika, nchi yenye mashamba na akina mama wenye shida kama zetu. Mwaka 1986 na 1987, katika jiji la Kingston, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa kutumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena. Wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mapato ya juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa hivyo. Saa moja kwa wiki, na vitu vya kuchezea vya nyumbani!

Faida ya tatu ni ya moyo. Mtoto aliyeona jambo la kutisha mara nyingi hawezi kulieleza kwa maneno, lakini hulicheza. Ukimwona mtoto anaigiza msiba au ugomvi, usimchape. Kaa karibu, msikilize.

Faida ya nne ni kuishi na wengine, na hii sisi wa Chepilat tunaielewa kuliko wengi. Soko letu liko mpakani. Mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi mwanzoni mwa 2008, yalifika mpaka huu wa Sotik na Borabu. Nyumba zilichomwa, watu walikimbia, na jirani akaogopa jirani. Mtoto hazaliwi na uadui huo, anaufundishwa. Mtoto anayepiga mpira na mwenzake wa ng'ambo anamjua kwa jina lake, si kwa kabila lake. Anajua ni nani kipa hodari na nani hulia akifungwa. Mama, unapomwita mtoto na kumkataza kucheza na "wale", umempa somo ambalo huenda likakaa naye maisha yote. Na unapowakaribisha wote uani kwako na kuwapa uji, umewapa somo jingine.

NITAPATA WAPI WAKATI?

Najua hilo ndilo swali lenu. Jibu ni kwamba hatuongezi kazi, tunaingiza mchezo ndani ya kazi iliyopo. Unapomwogesha mtoto, mtajie pua, sikio, kidole. Unapochambua mboga, mpe jani alishike na umwambie ni la kijani. Mnapotembea kwenda kituo cha chai, hesabuni hatua. Usiku mkingoja ugali uive, tega kitendawili kimoja.

Na yule msichana wa miaka tisa anayelea mdogo wake, tusimsahau. Yeye pia ni mtoto. Katika nchi yetu, Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza, na Kenya ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto tangu mwaka 1990. Kumsaidia mama si vibaya, na ndivyo tulivyolelewa sote. Lakini siku ya shule awe shuleni, na siku ya likizo apate saa zake za kucheza na wenzake. Watoto wa makamo yake wasiachwe siku nzima na mtoto mchanga. Akina mama wa jirani wanaweza kupokezana: leo mmoja abaki na watoto wa nyumba tatu, kesho mwingine. Nyanya akiwa na nguvu, hadithi zake ni hazina.

Akina baba nao wasikae pembeni. Mtoto anayerushwa juu na baba yake na kudakwa vizuri hujifunza kuamini watu. Lakini aliye mchanga, ambaye shingo yake bado ni laini, asirushwe wala asitikiswe kamwe.

VITU VYA KUCHEZEA BILA PESA

Gunzi la mahindi na kitambaa ni mwanasesere. Matambara yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba ni mpira. Waya na vifuniko vya chupa ni gari kwa mtoto mkubwa. Chupa ya plastiki yenye mahindi ndani, iliyofungwa imara, ni kayamba ya mtoto mchanga. Zamani tulitengeneza mipira kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017, na kwa mtoto mdogo ni hatari kwani inaweza kumziba pumzi.

USALAMA

Kabla ya kumwachilia mtoto acheze, zunguka boma lako kwanza. Funika kisima na shimo la choo. Usiache ndoo au karai la maji. Mtoto mdogo huzama hata katika maji machache. Weka uzio au kizuizi mbele ya moto na jiko. Dawa ya kuogesha ng'ombe na ya kunyunyizia mimea ifungiwe juu, na dumu lake lisiwe kitu cha kuchezea kamwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe maharagwe, sarafu, bano au kitu chochote kinachoweza kumkwama kooni. Barabara ya Kisii kwenda Sotik ina malori, matatu na bodaboda. Uwanja wa kuchezea usiwe kando yake.

Asubuhi zetu ni baridi, kwa hivyo mvalishe sweta, lakini usimfungie ndani. Mvalishe viatu kwa ajili ya funza na minyoo. Baada ya kucheza na udongo, mnawishe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na kuanzia mwaka mmoja, apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita.

MCHEZO HUTUONYESHA UGONJWA

Fungua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki. Humo utaona hatua za ukuaji: mtoto hutabasamu kwa wiki 4 hadi 6, hushika shingo kwa mwezi 1 hadi 3, hunyoosha mkono kushika kitu kwa miezi 2 hadi 4, hukaa kwa miezi 5 hadi 9, hutembea kwa miezi 12 hadi 18. Watoto hawalingani, basi usimpime na wa jirani. Lakini akipita muda huo bila kufikia hatua, au akiacha jambo aliloweza kulifanya, au hageuki akisikia sauti, mpeleke kliniki mapema. Usimfiche. Mtoto mwenye ulemavu naye ana haki ya kucheza, na anauhitaji mchezo hata zaidi.

Na mtoto aliyekuwa akicheza jana, leo amelegea, hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, au amepata degedege, usingoje gari la chai lipite. Mpeleke hospitali mara moja.

NA WEWE MAMA?

Nilisema tutarudi kwako. Mama aliyechoka kupita kiasi hana kicheko cha kumpa mtoto. Tafuta wakati wako kila wiki, hata kama ni saa moja: kwaya, chama, kutembea na rafiki. Huo si uvivu. Na kama huzuni haikuachi wiki mbili au zaidi, huli, hulali, au humpendi mtoto kama zamani, mwambie muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii. Ni ugonjwa kama malaria, na unatibika.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, mtoto kimya si lazima awe mtoto mwenye afya. Pili, mchezo hujenga mwili, akili, moyo na ujirani. Tatu, vitu vya kuchezea viko nyumbani kwako tayari. Nne, dada mlezi naye ni mtoto. Tano, mtoto akiacha kucheza ghafla, chunguza afya yake.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, cheza na mtoto wako kwa dakika kumi tu. Zima simu, kaa chini alipo, umwache yeye achague mchezo. 

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Mlipokuwa watoto mlicheza michezo gani? Ni ipi ambayo watoto wenu hawaijui?
2. Wakati wa chai nyingi, nani hubaki na watoto wadogo kijijini kwenu? Mnaweza kupokezana vipi?
3. Ni hatari gani zilizo katika maboma yetu ambazo tunaweza kuziondoa wiki hii?
4. Je, watoto wa pande zote mbili za mpaka wana mahali pa kuchezea pamoja? Kama hakuna, nani atalitafuta?